Grinda ya mkanda: pesa iende kwenye puli, mota baadaye

Mtu akitaka kujiundia grinda ya mkanda, yaani mashine ya kusaga chuma kwa mkanda wa msasa unaozunguka kwenye puli, kwa ajili ya visu, swali lake la kwanza huwa mota: hosi pawa ngapi? Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. Kisu cha mchoma nyama wa mnadani Msalato, hapa Dodoma, hata kikitokana na springi ya gari, kinahitaji mbavu mbili zilizonyooka na zinazolingana, na unyoofu huo hauletwi na mota. Unaletwa na puli. Mashine ya hosi pawa moja yenye puli zilizo senta itatoa kisu safi. Ya hosi pawa tatu yenye puli zinazoyumba itatoa mawimbi, kwa haraka zaidi.

Hata hivyo, usikate chuma chochote kabla ya kuujua mkanda wako. Kipimo ambacho watengeneza visu wengi duniani wamekizoea ni inchi 2 kwa 72, yaani milimita 50 kwa 1829. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utakutana kwanza na mikanda mifupi ya mashine za mkono za maseremala, kama ya milimita 75 kwa 533, na wengi hushawishika kujenga mashine kwa kipimo hicho. Sishauri. Mkanda mfupi kiasi hicho unarudi kwenye chuma mara tatu na zaidi wakati ule mrefu unarudi mara moja, kwa hiyo punje zake hazipati muda wa kupoa, unaisha upesi na unachoma makali. Msasa wa kitambaa unaouzwa kwa mita unaweza kuukata na kuugundisha mwenyewe, kwa sharti kwamba ncha zikatwe mshazari, zikutane bila kupandana, na nyuma ziwekewe kitambaa chembamba kilichogundishwa kwa gundi inayokunjika na kuvumilia joto. Gundi ya viatu hulainika kwa joto na mkanda huachia ukiwa kasi. Nafuu ni kuagiza mikanda iliyotengenezwa kiwandani, michache ya namba 60, 120 na 220, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Sasa puli. Zinahitajika nne: ya mota yenye kipenyo cha milimita 125, ya kuelekeza mkanda yenye milimita 75 hadi 100, na mbili ndogo za milimita 50, moja juu na moja chini ya bamba la kuegemezea kisu. Alumini ndiyo chaguo langu. Mpe kazi fundi wa lethi anayeaminika, na umweleze jambo moja bila kumung'unya maneno: tundu la beringi na uso wa nje vichongwe kwa mfungo mmoja, bila kuifungua puli na kuigeuza katikati ya kazi. Akiifungua, senta imepotea. Kuyumba kwa sehemu ya kumi ya milimita kunaonekana kidogo, lakini kwa mizunguko 1400 kwa dakika ni vipigo 23 kila sekunde, na vyote vinaandikwa kwenye ubavu wa kisu kama mistari midogo ya kukingama ambayo msasa wa mkono utahangaika nayo kwa saa nzima.

Puli ya kuelekeza lazima iwe na tumbo: katikati juu, pembeni chini. Kwa puli ya upana wa milimita 50, pembeni pawe chini ya katikati kwa takriban nusu milimita au zaidi kidogo kila upande. Mkanda hupanda kuelekea sehemu nene, haukimbilii nyembamba, kwa sababu ukikaa kwenye mteremko unapinda kidogo na kipande kinachofuata kinaingia kikiwa juu zaidi. Asiyelijua hili huweka kingo mbili zilizoinuka kwenye puli ili kuuzuia mkanda, kisha anashangaa unapopanda ukingo na kuchanika. Zile puli mbili za kwenye bamba ziwe bapa kabisa.

Beringi zipo kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Namba 6202 (ndani 15, nje 35, unene 11) inatosha, mradi iwe na vifuniko vya mpira pande zote mbili, maana vumbi la chuma huimaliza beringi iliyo wazi. Weka mbili kwa kila puli, isipokuwa ile ya mota, na kati yake bushi inayogusa pete za ndani tu. Bila bushi hiyo, ukikaza nati unazibana beringi kwa ubavu, zinapata moto na kulia. Kwenye mashine hii pete ya nje ndiyo inayozunguka, kwa hiyo ndiyo inayotakiwa kubana ndani ya puli; ya ndani ikae kwenye bolti bila kupigwa nyundo.

Wapo wanaochonga puli kwa mninga au plaiwudi ili kuokoa pesa. Kwa hali ya hewa ya hapa kwetu siwezi kuunga mkono. Mbao iliyochongwa Januari wakati wa mvua itakuwa imekauka na kusinyaa ifikapo Agosti, na mbao haisinyai sawa pande zote. Puli inakuwa yai.

Mota nitaipitia haraka. Tafuta ya mizunguko 1400 hivi, kilowati 1.1 hadi 1.5, na iwe ya kufungwa yenye feni nyuma. Mota yenye matundu, kama nyingi za mashine za kufulia, huvuta vumbi la chuma hadi kwenye koili. Kwa puli ya 125 unapata mita 550 za mkanda kwa dakika, kama mita 9 kwa sekunde. Mikanda ya gharama yenye punje za seramiki hupenda kasi zaidi ya hapo, ila anayeanza ataishukuru kasi hii kila akinoa kisu kilichokwisha kupigwa moto ili kiwe kigumu: makali yakigeuka bluu, yameshafika nyuzi 300 hivi na ugumu umeondoka. Ndoo ya maji ikae karibu, na kisu kishikwe kwa mikono mitupu ili joto ulisikie mapema. Kubadilisha kasi kwa swichi ya kupunguza mwanga hakufai kwa mota ya fezi moja. Kwa hilo unahitaji mota ya fezi tatu na inveta, yaani kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Kugeuza grinda ya mkono ya mizunguko 11,000 kuwa grinda ya mkanda ni kujitafutia majeraha.

Fremu ni kazi ya kawaida ya kuchomelea. Skwea paipu ya 50 kwa 50 yenye unene wa 4 inameza ya 40 kwa 40, na upenyo wa milimita 2 unaobaki unauondoa kwa bolti ya kukaza ubavuni. Piga tupa mshono wa ndani kwanza. Usiokoe pesa kwenye bawaba inayoinamisha puli ya kuelekeza: bawaba ya mlango ina mchezo, na mkanda utahama kila ukikandamiza kisu. Tumia bolti ya milimita 12 ndani ya bushi iliyobana. Bamba liwe la unene wa milimita 8 au 10, litokeze mbele ya puli zake kwa milimita 2, na meza ya kuegemeza isiwe mbali na mkanda zaidi ya milimita 2 au 3, kwani pengo kubwa humeza ncha ya kisu.

Swichi iwe ile ya sumaku inayojizima umeme ukikatika, isije mashine ikaondoka yenyewe umeme unaporudi ukiwa unabadilisha mkanda. Fremu iunganishwe na waya wa ardhi. Kuanzia Juni hadi Oktoba majani yamekauka na upepo ni mkali, kwa hiyo cheche zielekee kwenye beseni la maji, na unga wa mbao za mipini usikae kwenye beseni hilo hilo.

Siku ya kuwasha, zungusha kwanza kwa mkono huku ukigeuza skrubu ya kuinamisha robo robo hadi mkanda utulie katikati. Kisha washa na kuzima papo hapo, ukiwa umesimama pembeni. Mbele yako mkanda unatakiwa kushuka. Ukipanda, kwa mota ya fezi moja badilishana nyaya mbili za koili ya kuanzia. Kwa fezi tatu, nyaya zozote mbili. Ukihama unapokandamiza tu, angalia springi inayokaza mkanda na bawaba. Ukipigapiga hata bila kuguswa, angalia maungio ya mkanda, kisha rudi kwa fundi wa lethi.