Dagaa Mbichi Si Chakula cha Paka

Ukiuliza paka apewe dagaa vipi, utajibiwa: "Mpe mbichi, ndiyo asili yake." Jibu hilo limeenea pwani yetu yote ya kusini mwa Tanzania, Msimbati mpaka Kilwa Kivinje, na linaniudhi zaidi kwa kuwa linatolewa kwa nia njema. Dagaa wako karibu, bei yao ni nafuu kuliko kuku, basi paka anawekewa bakuli la dagaa wabichi asubuhi na jioni, na mwenyewe anaamini amemtendea wema. Jamani, hapana.

Tukianza na hiyo asili: paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kavu, aliyewinda panya, ndege na mijusi. Hakuwa mvuvi. Kupenda harufu ya samaki ni jambo moja, mwili kuhimili samaki mtupu kila siku ni jambo jingine.

Samaki wengi wa jamii ya dagaa na simu wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, na kazi yake ni kuvunja vitamini B1. Paka anahitaji B1 nyingi kuliko mbwa, na akiba yake mwilini ni ndogo. Wengi hudhani kuchanganya kutasaidia: dagaa wabichi kidogo, kuku kidogo. Hakusaidii. Kimeng'enya hicho hakibagui. Kinaharibu hata B1 iliyomo kwenye kuku wa bakuli lile lile. Kwa mlo wa namna hiyo kila siku, wiki chache zinatosha kumwangusha. Kwanza anasusa chakula, mate yanamtoka, anatapika. Kisha anayumba, mboni zinabaki wazi hata kwenye mwanga, kichwa kinainamia kifuani, na mwisho ni degedege. Hapo ndipo jirani husingiziwa kwamba amemtegea paka sumu. Akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, sindano za B1 zinaweza kumrudisha haraka, ila mwambie daktari waziwazi paka amekuwa akila nini, maana bila hilo atatafuta ugonjwa mwingine. Akicheleweshwa, ubongo unaweza usipone.

Dawa ya thiaminesi ni moto. Friza haikiondoi kimeng'enya hicho, na kuanika juani kusihesabiwe kuwa ni kupika. Dagaa wakavu waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa wana nafuu upande huo, lakini wamebeba chumvi na mchanga. Waoshe, waloweke saa moja, mwaga maji, rudia mara ya pili, ndipo uwachemshe bila kuongeza chumvi. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, usimpe kabisa.

Najua nitaambiwa paka wa soko la samaki la Feri wanakula mbichi na wananawiri. Sawa, wapo. Lakini wale hawali dagaa tu. Usiku wanakamata panya, mchana mijusi. Na wanaokufa hakuna anayewahesabu.

Sasa upishi wenyewe, ambao hauna gharama. Chukua changu au tasi mdogo, jicho liking'aa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Kata mapezi kwanza. Ya tasi yana miiba inayochoma vibaya. Toa magamba, mashavu na utumbo, na uangalie nyongo isipasuke. Mtie kwenye sufuria, maji yamfunike tu. Usitie chumvi, ndimu wala pilipili. Kitunguu maji na kitunguu saumu viwe mbali kabisa, kwa kuwa vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na hata kibichi au kilichoiva madhara ni yale yale. Kwa hiyo mchuzi uliobaki mezani si wake. Maji yakichemka punguza moto, acha dakika 10 mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Akipoa, chambua kwa vidole, ukiminya kila kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu mwiba mwembamba hauonekani kwa macho. Mfupa uliopikwa hukauka na kuvunjika vipande vyenye ncha. Ongeza vijiko viwili vitatu vya yale maji ya kuchemshia: taurini, ambayo moyo na macho ya paka vinaitegemea, huyeyukia humo.

Kipimo: paka mzima wa kilo 4 apate kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, kama gramu 25, siku mbili au tatu kwa wiki. Mlo wake mkuu uwe kuku pamoja na moyo na filigisi, au chakula kamili cha paka cha dukani kwa anayekimudu. Vibua na jodari wana mafuta mengi, na paka anayelishwa hao kila siku bila vitamini E ya kutosha huvimba mafuta ya mwilini. Ukimshika tumbo analia, hataki kuruka. Tena hao hao wakipigwa na jua bila barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo moto hauiondoi. Samaki ambaye wewe ungemkataa, usimpelekee paka.

Mwiba ukimkwama, atajipangusa mdomo kwa mguu na kudondosha mate. Usimsukumizie tonge la ugali kama tunavyofanya sisi kwa sisi. Ukiona mshipi unaning'inia mdomoni, usiuvute, huenda kuna ndoana upande wa pili. Kata uache kipande cha nje, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Na dume anayeenda mchangani mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, apelekwe siku hiyo hiyo. Kesho yake anaweza kuwa amekufa.

Ndugu zetu wavuvi, nanyi nawaomba jambo moja: bunju anayenaswa kwenye nyavu msimtupe mchangani. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na paka hajui kuchagua. Mfukieni kwa kina, mbali na mahali paka na mbwa wanapofukua.