Ukoo wa Burke: Wanormani hadi lini?

Katika orodha za majina ya koo za Ayalandi, Burke (awali de Burgh) huwekwa kwenye fungu la Wanormani, wavamizi wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa waliokuja kupitia Uingereza, na mjadala ukaishia hapo. Wanaofanya hivyo wana hoja. William de Burgh aliingia Ayalandi mwaka 1185 pamoja na Mwanamfalme John wa Uingereza, akapewa ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Mwanawe, Richard, aliivamia Connacht, magharibi mwa Ayalandi, mwaka 1235, akawabana O'Connor, wafalme wa huko, kwenye sehemu ndogo ya nchi yao. Lugha ya wenyeji waliyokuja kuizungumza wajukuu haifuti uvamizi huo.

Ila hata huo Unormani ni mwembamba kuliko unavyosimuliwa. Jina lilitokana na kijiji cha Burgh, Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Nasaba iliyowapandisha hadi kwa Charlemagne, mfalme mkuu wa Wafaranki, ilitungwa baadaye, kuwapamba watu waliokwisha kuwa wakubwa.

Mwaka ambao orodha hizo huupita haraka ni 1333. William de Burgh mwingine, Earl (cheo cha ukabaila) wa Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, kijana wa miaka 20, aliuawa na watu wake karibu na Carrickfergus. Alimwacha binti mmoja, Elizabeth, ambaye hajatimiza hata mwaka. Kwa sheria ya Kiingereza, kila kitu kilikuwa cha mtoto huyo, na kwa hiyo cha mume ambaye mfalme angemchagulia. Kwa desturi ya Kiayalandi, uongozi ulikwenda kwa mwanamume mzima wa ukoo aliyeweza kuulinda. Binamu za Earl huyo walioko Connacht walifuata desturi ya Kiayalandi. Walipigana wao kwa wao, wakagawana nchi, Mayo kwa hawa na Galway kwa wale, na viongozi wao wakajiita MacWilliam, yaani mwana wa William, kwa mtindo wa majina ya machifu wa Kiayalandi.

Tamaa ya ardhi ilikuwamo, sikatai. Lakini ili kuihalalisha tamaa hiyo walilazimika kuikana sheria iliyowaleta, na kuishi chini ya ile ya wenyeji vizazi hata vizazi. Elizabeth aliozwa kwa Lionel, mwana wa Mfalme Edward III. Lionel alitumwa Ayalandi mwaka 1361 na hakufanikiwa kuirudisha Connacht mikononi mwake. Ni chini ya Lionel huyo huyo ndipo, mwaka 1366, zilipopitishwa Sheria za Kilkenny, zilizowakataza walowezi kuoana na Waayalandi, kuwapa watoto wao walelewe nao, kuzungumza lugha yao na kutumia sheria yao. Serikali haipigi marufuku jambo lisilotendeka. Ushahidi mzito kwamba akina Burke na wenzao walikuwa wamevuka upande wa Waayalandi umeandikwa na adui wa uvukaji huo.

Wapinzani hutaja mwaka 1543, mkuu wa Burke wa Galway alipojisalimisha kwa Henry VIII, mfalme wa Uingereza, na kupewa cheo cha Earl wa Clanricarde. Damu ya Kiingereza, wanasema, ilirudi kwao. Mwaka 1542 Conn O'Neill alifanya vivyo hivyo, akawa Earl wa Tyrone, na mwaka uliofuata O'Brien akawa Earl wa Thomond. Hakuna aliyewahi kuziandika koo hizo mbili za wenyeji kwenye fungu la wageni.