Skana Ndani ya Treni: Mwache Asikilize, Ila Asitangaze

Treni ya California Zephyr hutoka Chicago saa nane mchana na kufika Emeryville, ng'ambo ya San Francisco, baada ya zaidi ya saa 50 na karibu kilomita 3,900. Katika safari ndefu namna hiyo, treni kusimama porini si habari. Usiku wa kwanza, huko magharibi ya Hastings, Nebraska, inaweza kupunguza mwendo taratibu, ikasimama, ikanyamaza. Nje ni giza na mashamba. Mtandao wa simu unakuja na kupotea. Matangazo hayapo, maana kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, huwaacha watu walale. Hata mchana, kondakta akishika kipaza sauti, mara nyingi utaambiwa tu kwamba "tutaondoka punde", na punde ya reli za Marekani inaweza kuwa dakika nne au saa mbili.

Ndani ya behewa hilohilo huwa kuna mtu mmoja asiyehangaika. Ana skana, yaani kipokezi cha kusikiliza mawasiliano ya redio, cha ukubwa wa redio ya mkononi, antena fupi imeegemea dirisha, hedifoni kwenye sikio moja. Anajua kwamba kuna treni ya mizigo inayokuja kutoka upande wa Denver, na kwamba ikishapita tu, safari inaendelea. Je, ana haki ya kujua hayo? Na akijua, afanye nini nayo? Watu wa reli na wapenzi wa reli wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi. Mimi nadhani wengi hubishana mahali pasipo na tatizo.

Kwanza tuone kinachosikika, maana wasioijua skana huidhania makubwa. Reli za Marekani bado zinaongea kwa sauti ya kawaida ya analogia, kwenye mawimbi ya VHF kati ya 160 na 162 MHz. Chaneli zina namba zinazojulikana, na orodha zake zimechapishwa tangu zamani. Skana ya dola mia moja hivi inatosha. Unamsikia dereva na kondakta wakiitana. Unamsikia kontrola, yule anayepanga treni ipi ipite wapi na saa ngapi, ambaye kwa reli za BNSF, moja ya kampuni za treni za mizigo, hukaa Fort Worth, Texas, mamia ya kilomita kutoka ulipo. Akitoa amri ya kutumia njia, huisoma pole pole, namba zikitajwa tarakimu moja moja. Wahudumu wa treni huirudia yote neno kwa neno, naye huthibitisha. Palipo na mafundi kwenye reli, dereva humwita msimamizi wao na kuomba ruhusa ya kupita kabla hajafika. Ni mazungumzo makavu kabisa, na kwa kweli sehemu kubwa ya safari unasikia kimya na mikwaruzo tu.

Kitamu zaidi ni vigunduzi. Kando ya reli, kila baada ya kilomita kadhaa, kuna mtambo unaopima joto la magurudumu na kuangalia kama kuna kitu kinaburuzika chini ya treni. Treni ikishapita, mtambo unaongea wenyewe redioni kwa sauti ya mashine: jina la kampuni, namba ya maili, hakuna hitilafu, jumla ya ekseli. Treni yenye vichwa viwili na mabehewa tisa itahesabiwa ekseli 44, nne kwa kila kimoja. Abiria anayefuatilia anajua yuko maili ya ngapi bila kuona kibao chochote. Ni jambo dogo, lakini usiku wa kiza lina raha yake.

Hoja ya wanaoitetea skana haiishii kwenye raha. Amtrak iliundwa mwaka 1971 kubeba abiria ambao kampuni binafsi zilikuwa zimechoka kuwabeba, lakini nje ya maeneo machache njia si zake. Katika safari ndefu inapita kwenye reli za BNSF, Union Pacific, CSX, Norfolk Southern na CN, na makontrola ni waajiriwa wa kampuni hizo za mizigo. Tangu 1973 sheria ya shirikisho inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele. Sheria ni hiyo; reli ina mambo yake. Treni za mizigo siku hizi zinaweza kufika kilomita tatu na zaidi, na njia nyingi za kupishania zilijengwa wakati treni zilikuwa fupi. Treni isiyoenea kwenye njia ya pembeni haiwezi kukaa pembeni, kwa hiyo anayeingizwa pembeni kusubiri ni mwenye abiria, hata kama kontrola angependa kufuata sheria. Julai 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Norfolk Southern kwa madai kwamba ilikuwa ikiicheleweshea njia treni ya Crescent, ile ya New York hadi New Orleans. Mwenye skana hakuhitaji kesi ili ajue hayo. Huyasikia yakitendeka.

Kuna pia suala la saa 12. Sheria hairuhusu wahudumu wanaoendesha treni kupita saa 12 kazini. Muda ukiisha, hata kama stesheni inaonekana kwa macho, treni inasimama kungoja wengine waletwe, mara nyingine kwa gari kutoka mji wa mbali. Dereva akianza kumkumbusha kontrola saa yake ya mwisho, msikilizaji anajua kuwa hapa hakuna "punde". Kwa mtu mwenye treni ya kuunganisha Chicago, au mwenye shemeji anayemngojea stesheni saa tisa za usiku kwenye baridi ya Minnesota, habari hiyo ina thamani. Anapiga simu mapema, shemeji anarudi kulala.

Ndiyo, kuna programu ya simu inayoonyesha treni ilipo, na kuna watu wanaorusha mawimbi ya reli kwenye intaneti. Lakini matangazo hayo ya intaneti huchelewa, na pale unapoyahitaji zaidi, jangwani Utah au kwenye makorongo ya Colorado, simu haina mtandao. Skana haitegemei mtandao. Inategemea betri na dirisha.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kelele naipitisha haraka: ni ya kweli na ina dawa. Amtrak inataka vifaa vya sauti vitumike kwa hedifoni, na hilo linaihusu skana kama linavyohusu filamu za watoto. Anayeiachia spika ndani ya behewa la viti hastahili kutetewa.

Hoja ya sheria nayo huvimbishwa kuliko ilivyo. Sheria ya shirikisho ya 1986 kuhusu faragha ya mawasiliano ya kielektroniki inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya redio za kazi ambayo umma unaweza kuyapata bila kuvunja kufuli lolote. Majimbo kadhaa, yakiwemo New York, Florida, Indiana na Kentucky, yanabana vipokezi vya mawimbi ya polisi ndani ya magari, kila moja kwa masharti yake, kwa hiyo ukishuka kwenye treni na kupanda gari la rafiki, kizime na ukiweke kwenye begi. Ila kipo kifungu ambacho wapenzi wa skana hupenda kukiruka: kifungu cha 705 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934, kinachokataza kunasa mawasiliano yasiyokuhusu kisha kuyatangaza au kujinufaisha nayo. Mipaka yake wanaijadili wanasheria. Roho yake inaeleweka, nayo inaelekeza kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito: si kusikia, ni kusema.

Mtu mwenye skana ndani ya behewa lililosimama ana kishawishi kikubwa. Kila mtu anauliza kuna nini, naye anajua, au anadhani anajua. Anaanza na jirani wa kiti, dakika tano baadaye behewa zima lina habari, na kufikia behewa la chakula habari imeshakuwa kichwa cha treni kimekufa na tunalala hapa. Kondakta anaingia na kukuta kesi imeshahukumiwa. Pengine yeye ana maelezo mapya aliyopewa kwa simu, ambayo redioni hayakupita. Mwenye skana alisikia nusu: dereva alisikika kwa sababu yuko karibu, jibu la mtu wa mbali likamezwa na kilima.

Na hata kinachosikika vizuri si ukweli wote. Tukio la East Palestine, Ohio, la usiku wa tarehe 3 Februari 2023, linafundisha kuliko mifano mingi. Ilikuwa treni ya mizigo ya Norfolk Southern, na beringi ya behewa moja ilikuwa ikiungua. Kigunduzi cha kwanza kilipima joto la nyuzi 21 za Selsiasi juu ya joto la hewa. Cha pili, kilomita kama 17 mbele, kilipima nyuzi 57. Kwa kanuni za kampuni wakati ule, hicho hakikuwa kiwango cha kuwaamuru wahudumu wasimame. Cha tatu, kilomita kama 30 zaidi, kilipima nyuzi 141, kengele ikalia, na treni ikaacha reli. Mtu ambaye angekuwa na skana usiku ule asingejua lolote zaidi ya wahudumu wenyewe. Mashine ikisema hakuna hitilafu, maana yake ni kwamba hakuna kilichovuka kiwango kilichowekwa na mwenye mashine. Abiria anayewatuliza wenzake kwa sentensi hiyo anatoa dhamana asiyokuwa nayo.

Lililo zito kuliko yote ni kifo. Kanuni za usalama wa reli zinamtaka anayetoa taarifa ya hatari aanze kwa kusema neno la dharura mara tatu. Ukilisikia likisemwa na dereva wa treni uliyomo, mara nyingi kuna gari kwenye makutano ya reli na barabara, au mtu aliyekuwa amesimama kwenye reli. Yanayofuata redioni hayajachujwa: kondakta anatembea kurudi nyuma na tochi, anaeleza alichokiona, anauliza polisi wako wapi. Dereva bado ana mshtuko na sauti yake inaonyesha. Haya si maneno ya kurudiwa mbele ya watoto wa kiti cha nyuma, wala ya kurekodiwa na kupandishwa mtandaoni kabla ndugu wa marehemu hawajapigiwa simu. Hapa sioni haki ya kujua inayoshindana na chochote. Wanaofanya hivyo wanajitafutia watazamaji tu.

Wapo pia wanaosema skana ni hatari kwa usalama, kwamba kila anayesikiliza anaweza kuwa na nia mbaya. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Poland, Agosti 2023, ambapo takriban treni 20 zilisimamishwa karibu na Szczecin kwa mlio wa redio wa bandia. Mfano ni wa kweli, lakini unathibitisha jambo jingine. Mfumo ule wa Poland ulisimamisha treni yoyote iliyopokea milio mitatu kwenye 150.100 MHz, bila kuuliza nani kaituma. Tatizo lilikuwa kurusha, si kupokea, na tiba yake ni mfumo usiomtii kila mwenye redio.

Ndiyo maana lililo muhimu kwangu ni aina ya kifaa. Watu wengi, kwa kuona skana ni ghali, hununua redio za mkononi za Kichina kama Baofeng kwa theluthi ya bei. Zinapokea chaneli za reli vizuri tu. Lakini ubavuni zina kitufe cha kuzungumzia, na kitufe hicho mfukoni, chini ya mto, au mikononi mwa mtoto, kinaweza kurusha kelele juu ya amri anayosomewa dereva. Kurusha kwenye chaneli za reli bila leseni ni kosa la shirikisho, na kondakta akiona redio yenye kitufe hana namna ya kujua kama umeifunga. Akikasirika, simlaumu. Nunua kinachopokea tu.

Uingereza wameumaliza mjadala kwa njia yao. Treni huwasiliana kwa GSM-R, mfumo wa simu za reli uliosimbwa, yaani usiosikika kwa asiyehusika, na hata bila hivyo kifungu cha 48 cha Sheria ya Wireless Telegraphy ya 2006 kinakataza kusikiliza yasiyokuhusu. Je, abiria wa kule wako salama zaidi? Kwa upande wa redio, ndiyo. Je, wanajua kwa nini wamesimama? Wanategemea kuambiwa, na huko mashirika yamezoea kutaja sababu, hata kama wakati mwingine sababu yenyewe inachekesha. Amtrak ingefanya hivyo, yaani kumwambia abiria kwamba tunapisha treni ya mizigo na tunatarajia kuondoka saa fulani, nusu ya skana zingebaki nyumbani. Anayeficha sababu za kawaida hana hoja nzito dhidi ya anayezitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo nipo upande wa msikilizaji, kwa masharti: sikio moja, mdomo umefungwa, na kondakta akisema zima, unazima bila kumsomea vifungu. Ukiulizwa na jirani, inatosha kusema unadhani tunapishana na treni nyingine, na kwamba kondakta ndiye mwenye uhakika. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania wanaorudi likizo na begi la vifaa: ruhusa ya Marekani inaishia Marekani. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, EPOCA, inalifanya kosa suala la kunasa mawasiliano ya wengine bila mamlaka ya kisheria, na ofisa wa forodha atakayekikuta kifaa hicho Dar es Salaam hatavutiwa na habari za Nebraska.