Kijapani Tukisome kwa Kiswahili

Gari la ami lilikuwa na siku mbili tu tangu litoke bandarini Kilindini. Tulikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, joto limetushika, na kila ami alipozima injini na kuiwasha tena ili tusogee hatua tatu, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi na kusema maneno yale yale. Sauti tulivu, yenye adabu, isiyochoka. Ami akanigeukia: "Wewe si ndiwe wa kompyuta? Huyu yuwasema nini?"

Sikujua. Sauti hiyo nimeisikia tangu utotoni, kwenye teksi, kwenye Probox za Mtwapa, kwenye gari la jirani, na sikuwahi kufikiri kwamba ile ni sentensi yenye maana yake. Nikairekodi kwa simu, nikaenda nayo nyumbani, na siku ya pili nikaipata: Kādo ga sōnyū sarete imasen. Kadi haijachomekwa. Gari lilikuwa likiulizia kadi ya ETC, ile wanayolipia barabara za kasi kule Japani bila kusimama kwenye kizuizi. Limevuka bahari nzima, limefungwa nambari za Kenya, na bado laulizia kadi yake.

Kilichoninasa ni kile kitenzi. Neno letu "haijachomekwa" limebeba ukanushi, wakati na kutendwa, vyote tumboni mwake. "Sarete imasen" imebeba mzigo huo huo, ila imeupanga kinyume: kutendwa kwanza, hali katikati, ukanushi mwisho. Kiingereza kingeusambaza kwa maneno manne. Usiku ule nikachimba zaidi nikakuta taberu, taberareru, tabesaseru, tabesaserareru. Kula, kuliwa, kulisha, kulishwa. Nilikaa nikayatazama yale maneno kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kule mbali kuna watu wanaojenga vitenzi vyao kama sisi, kwa kuongeza kipande baada ya kipande.

Sasa ni mwaka wa pili najifunza, na nina jambo moja la kusema: sisi wa Kiswahili tunafundishwa Kijapani kupitia Kiingereza, na njia hiyo ni ya kuzunguka Mazeras kwenda Nyali.

Niitaje na kazi yangu, maana mambo haya mawili yameshikana. Natengeneza programu za simu, peke yangu, kwenye chumba cha kupanga Majengo. Sina mwajiri wala hati ya mshahara. Programu inayonilisha ni daftari la madeni: mwenye duka anaandika nani kakopa unga, nani kalipa nusu, na mwisho wa mwezi anaona jumla. Kuna mwezi hulipa kodi na bando na kubaki na cha kumpa mama. Kuna mwezi ile ada ya Apple, dola 99 kila mwaka, naifikiria mara mbili, hata nashukuru kwamba ya Google Play ni dola 25 na ukilipa mara moja umemaliza. Kazi ya kujiajiri namna hii haina kengele ya kuanza wala ya kuacha. Kijapani ndicho kilichonipa ratiba. Nikitoka kuswali alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma bati, nina nusu saa ya herufi na kikombe cha kahawa tungu. Ndipo nafungua laptopu.

Hiragana nilizimaliza kwa wiki tatu. Ni herufi 46 za msingi, na karibu kila moja ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Mtoto wa Mombasa aliyeimba ba be bi bo bu darasa la kwanza, na jioni akapelekwa chuoni kusoma ba bi bu kwa herufi za Kiarabu, ameshalifanya jambo hili mara mbili kabla hajafika miaka minane. Lakini kitabu changu cha kwanza, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilianza kwa kunifundisha jinsi ya kutamka a. Halafu i. Kurasa kadhaa za kufungua mdomo, kwa mifano ya maneno ya Kiingereza, ili niweze kutamka irabu tano ambazo nimezaliwa nazo. Irabu zao ni hizo hizo zetu tano, ila u yao huitamka bila kuchongoa midomo sana, na hilo lingetosha kuelezwa kwa mstari mmoja.

Hapo ni mlangoni tu, ndani ni zaidi. Kuna sentensi mashuhuri ya sarufi yao: Zō wa hana ga nagai. Kitabu kilinieleza nifikirie "kwa upande wa tembo, pua ni ndefu", kikatoa kanuni na vizuizi, nami nikahangaika wiki nzima na ile "wa". Siku moja nimeketi barazani, mama mmoja akapita, mwenzangu akasema: "Yule mama, mwanawe mgonjwa." Nikaruka. Ndiyo hiyo! Tembo, mkonga wake mrefu. Unamtaja unayemzungumzia, unatua kidogo, kisha unasema habari yake. Twasema hivyo kutwa nzima. Wiki yangu ilipotea nikijaribu kuielewa lugha moja kwa miwani ya lugha nyingine, na huku jawabu liko kinywani mwangu.

Na adabu je? Kiingereza hakina hodi. Ukimwuliza mwalimu wa Kiingereza atakupa maelezo ya sentensi mbili. Mjapani akifika mlangoni kwa mtu na mlango wa wazi, huita "gomen kudasai" na kusubiri aitikiwe. Ni hodi hiyo. Dukani humkaribisha mteja kwa "irasshaimase", nasi twasema karibu. Mfanyakazi akimaliza siku wenzake humwambia "otsukaresama", neno ambalo vitabu vya Kiingereza hulizungukazunguka mara uchovu, mara shukrani, mara kwaheri. Kwetu ni "pole na kazi", basi, na mtoto wa miaka mitano analielewa. Hata kule kumsemesha mtu kwa heshima ya umri na cheo, ambako wanafunzi wa Kizungu hulalamikia sana, ni jambo gani jipya kwa mtu aliyelelewa kutompita mzee bila shikamoo?

Sisemi kwamba Kijapani ni rahisi, wala kwamba lugha hizi ni ndugu. Si ndugu. Kitenzi chao hukaa mwisho wa sentensi na hilo bado lanitoa jasho. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho katika karibu kila neno, nami nimekuwa nikikaza maneno yao hivyo hivyo, na yasikika vibaya. Urefu wa irabu ni mtego: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi. Maneno mengine yanafanana na yetu kwa sura tu. Kasa kwao ni mwavuli, kwetu ni yule wa baharini. Jiko kwao ni ajali. Kisha zipo kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, 2,136 katika orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, na hapo Mswahili na Mwingereza wote sawa, hakuna wa kumcheka mwenziwe. Ninazijua kama mia tatu na kila wiki nasahau kadhaa.

Kuna kitu Kijapani kilinirudishia ambacho sikutarajia. Mwenye duka mmoja hapa Majengo, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniita mwaka jana akanionyesha simu. Alikuwa amefuta jina la mteja kwenye daftari langu, na skrini imeandika: "Mteja imefutwa." Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mteja ni mtu au ni kiatu?"

Niliona haya hadi shingoni. Mimi mtoto wa Mombasa! Lakini najua ilivyotokea. Niliandika msimbo wangu kwa mtindo tunaofundishwa wote: sentensi moja ya kudumu, na ndani yake tundu la kutia jina la kitu. Mtindo huo wakubalika kwa Kiingereza kwa sababu kitenzi chao hakijali kama kilichofutwa ni mtu, deni au risiti. Kiswahili kinajali. Mteja amefutwa, deni limefutwa, risiti imefutwa, na wakiwa wengi, wateja wamefutwa, madeni yamefutwa, risiti zimefutwa. Tundu moja halitoshi.

Wakati huo nilikuwa katikati ya somo la kuhesabu kwa Kijapani. Wao hawana umoja na wingi kama wetu, lakini mara nyingi huwezi kutaja idadi bila kujua kitu ni cha aina gani. Watu ni hitori, futari, sannin. Vitu virefu kama chupa na penseli ni ippon, nihon, sanbon. Karatasi na sahani ni ichimai, nimai. Wanyama wadogo wana hesabu yao. Nilikuwa nikizikariri kwa bidii, nikijisifu kwamba nazipatia, na siku ile dukani ikanijia kwamba naziheshimu ngeli za Wajapani kuliko za kwetu. Nilirudi nyumbani nikafungua faili la maneno ya programu na kuliandika upya lote. Sasa kila kitu kina sentensi yake kamili, ya umoja na ya wingi, na sichomeki jina katika sentensi tena. Ilinichukua siku tisa na haikuniongezea shilingi hata moja. Ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote nilizowahi kufanya.

Na saa! Hili nalipenda mno siwezi kuliacha. Tokyo imetutangulia kwa saa sita kamili, mwaka mzima, kwa kuwa wao hawasogezi saa zao wala sisi hatusogezi. Nasi twahesabu saa kuanzia mapambazuko, tofauti ya sita na zile za ukutani. Kwa hiyo hapa ikiwa saa tatu asubuhi, mishale ya saa ya ukutani Tokyo iko kwenye tatu. Ikiwa saa nne kwetu, kwao ni nne. Nikiongea kwa video na mwenzangu wa kubadilishana lugha, yeye akisema saa nne, mimi natazama saa ya Kiswahili tu.

Mwenzangu wa kazi hii, mtu ninayemwamini, aliniambia nisipoteze muda kutengeneza somo la Kijapani kwa Kiswahili. Anayetaka Kijapani, alisema, Kiingereza anacho tayari. Nimelifikiria neno lake kwa dhati, na nadhani amewasahau watu. Nenda kwenye gereji yoyote ya mji huu. Fundi anashinda ndani ya magari ya Japani, kila kibandiko mbele yake kimeandikwa Kijapani, naye anakisia kwa rangi na mahali kilipobandikwa. Shule aliacha mapema, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini Kiswahili chake mimi sikifikii. Na nusu ya maneno anayoyahitaji anayo. Injini ni enjin. Breki ni burēki. Betri ni batterī. Boneti ni bonnetto. Gia ni gia, vivyo hivyo, bila kubadilisha kitu. Sote wawili, sisi na wao, tumeyachukua maneno ya Wazungu na kuyatia irabu hadi yakakaa vizuri kinywani. Kinachomtenganisha fundi na kibandiko ni katakana tu, herufi nyingine 46 wanazoandikia maneno ya kigeni.

Hiyo ndiyo programu ninayoijenga usiku. Inaanza na gari. Hakuna neno la Kiingereza ndani yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi anayelitengeneza gari la ami, niliyekuwa nimempa programu hiyo aijaribu, maana nilitaka mtu asiyenionea haya. Alikuwa amezicheza kadi za mwanzo za programu kwa siku kumi, akiwa chini ya magari, akiwa kwenye foleni ya feri. Akafungua mlango wa dereva, akainama kwenye nguzo ambapo huwa pana kile kibandiko kidogo cheupe, akaweka kidole chenye grisi juu ya タイヤ.

"Ta," akasema. "I. Ya." Akanyamaza. "Taiya. Tairi?"

"Tairi."

Hakuinua kichwa. Kidole kikasogea kwenye zile tatu zinazofuata, 空気圧, ambazo si katakana na ambazo sijaziweka kwenye programu. "Na hizi?"

Nikamwambia mbili za mwanzo ni hewa, na ya tatu ni mgandamizo. Akaniomba kalamu, akageuza risiti ya vipuri, akaanza kuzinakili mstari kwa mstari.