Bwawa la Kioo Mbezi Beach, Theluji Iko Wapi?

Picha huwa ni ileile. Maji ya buluu yametulia ndani ya nyumba, upande huu wa kioo kuna sofa nyeupe, upande ule misonobari imebeba theluji. Mteja ananitumia WhatsApp saa nne usiku, chini yake ameandika: "Hii nimeipenda. Kiwanja kipo Mbezi Beach." Kuchora ramani za nyumba ndiko kunakonipa ugali, kwa hiyo sicheki ndoto ya mtu. Ila theluji ile ndiyo iliyosababisha chumba kile kijengwe, na watu wanaiona kama pambo tu.

Zipo sababu tatu za kulifungia bwawa ndani ambazo nazikubali. Ya kwanza ni baridi. Norway au Kanada ukiliacha nje, miezi mingi unabaki kulitazama tu. Ya pili ni joto lililopitiliza. Wenye ndugu Muscat wanajua: kiangazi kinapanda kupita nyuzi 40, maji ya bwawa la nje yanakuwa kama ya kumkanda mzazi, na wenye uwezo hufunga mashine ya kuyapoza. Ya tatu ni stara.

Dar es Salaam haina baridi hiyo wala joto hilo. Bwawa la wazi hapa linaogeleka mwaka mzima, hata Julai. Inabaki stara, na stara si jambo dogo. Wako akina mama wengi wa pwani wanaojua kuogelea, au wanaotamani kujifunza, lakini hawako tayari kuvua baibui mbele ya mlinzi, kijana wa bustani na ghorofa la jirani. Bwawa la ndani lingewapa nafasi. Halafu sisi tunachukua ukuta wa upande mmoja tunaufanya kioo toka sakafuni hadi darini, na nyuma ya kioo tunaweka sebule, ileile ambayo mashemeji na wageni wanakaa kutazama mpira. Mama mwenye nyumba ataingia majini saa ngapi? Mteja mmoja aliniambia wataweka pazia. Kioo cha mamilioni, halafu pazia!

Waliotutangulia walilifikiria hili. Nenda Kidichi, Unguja, kwenye hamamu, nyumba ya kuogea, aliyoijenga Sayyid Said karibu mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake Mwajemi. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, zimejaa nakshi. Kioo kilikuwepo, tena cha rangi, ila kiliwekwa juu kwenye kuba: mwanga unashuka kwenye kuta nyeupe na aliye nje haoni kitu.

Tuje kwenye unyevu sasa, maana huko ndiko pesa inakokwenda. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani wa mita moja na nusu, linabeba lita 48,000, na lisipofunikwa linapeleka makumi ya lita hewani kila siku. Nje, upepo wa bahari unaondoka nazo bila kukudai senti. Ndani ya kioo, mvuke hauna pa kwenda. Wanaojenga mabwawa ya ndani hulenga unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60, na joto la hewa liwe juu kidogo kuliko la maji ili maji yasiwe na haraka ya kupaa. Hewa ya Dar mara nyingi imeshapita asilimia 70 kabla hujachimba hata shimo. Kufungua dirisha hakukufikishi huko. Unahitaji mashine ya kukausha hewa, na mashine hiyo inakula umeme usiku na mchana, uwe unaogelea au uko safarini Dodoma.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mashine hiyo ilikatwa kwenye bajeti ili pesa ya marumaru itoshe. Sebuleni kiyoyozi kimewekwa nyuzi 20, upande wa bwawa kuna hewa nzito ya kama nyuzi 30. Kioo kilikuwa kinatoka jasho upande wa maji, michirizi inashuka mpaka kwenye reli ya mlango, na bwawa lenyewe, lililojengwa ili lionekane, halionekani. Juu, dari ya jipsamu yenye taa za kufichwa ilikuwa imefura kwenye maungio, ukungu mweusi umefuata mstari wa taa kama aliyepimiwa kamba. Skrubu za bawaba zimeshika kutu. Na ile harufu inayochoma macho! Kila mtu mle alisema klorini imezidi. Kwa kawaida harufu ile hutokana na klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo wa waogeleaji ikageuka kloramini. Bwawa la nje linaitoa, chumba kilichofungwa kinaitunza.

Na hewa hiyo si ya kuchezea. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la ndani iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya aina ile tunayoambiwa haishiki kutu, lakini kloridi ya kwenye hewa ya bwawa ilivila taratibu hadi vikapasuka. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Ni stenlesi hiyo, bosi, haina shida," muulize ni ya daraja gani.

Nairobi, Arusha na Njombe ni mazungumzo mengine. Julai kule Karen, Nairobi, maji ya nje yanakatisha hamu, na kulifunga bwawa ili kukinga upepo na kutunza joto kuna maana. Hata huko, shilingi ya kwanza iende kwenye turubai la kufunika maji, kwa sababu joto na mvuke vingi hupotelea kwenye uso wa maji. Kioo kije baadaye, tena cha tabaka mbili zenye nafasi katikati.

Kitu kimoja nakiachia kioo bila ubishi: watoto. Mtoto mdogo huzama kimyakimya, hapigi kelele, na aliye jikoni akiweza kuona maji ni nafuu kubwa. Lakini kwa hilo linatosha dirisha moja pana la jikoni, pamoja na mlango unaojifunga wenyewe wenye komeo juu. Na kioo kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, ili kikivunjika kisimwagike. Kipande cha kioo ndani ya maji hakionekani. Itabidi bwawa zima litolewe maji.

Kwa Mbezi Beach mimi huchora hivi: paa pana lenye kivuli, ukuta wa kusini na wa kaskazini wa matofali ya matundu, kusi iingilie huku na kaskazi iingilie kule, macho ya jirani yabaki kwa jirani. Mwanga ushuke kutoka juu. Dari iwe zege iliyopigwa rangi ya kuhimili unyevu, jipsamu ibaki chumbani.

Wapo wanaokubali. Wapo wanaosema, "Lakini haifanani na picha," na kweli haifanani. Hao nawaomba wanioneshe kwenye ramani chumba cha mashine kiko wapi: mashine ya kukausha hewa, pampu, chujio, madumu ya dawa, jenereta ya siku umeme ukikatika. Mpaka leo jibu ninalopewa zaidi ni chini ya ngazi.