Bosi anatutishia roboti

Bosi amerudi kutoka Guangzhou na siku hizi kabla hatujafungua kontena lazima kwanza tuangalie simu yake. Zamani akirudi kutoka China alikuwa anatuletea habari za bei ya vigae na masinki. Sasa anatuletea video za roboti mwenye miguu na mikono na kichwa, anarusha ngumi, anapiga sarakasi, anacheza densi, halafu bosi anatuangalia sisi makuli tumesimama na matambara shingoni anasema "mnaona? hawa hawaombi advansi".

Sawa, hawaombi. Lakini mimi nilimwomba video moja tu, moja, ya roboti akishusha katoni za vigae kwenye kontena la futi 40 hapa Industrial Area, Kampala, mvua imenyesha, ubao unateleza na dereva wa lori anapiga honi eti anataka kurudi Malaba mpakani kabla giza halijaingia. Hana. Ana ya densi. Sasa bana hapa godauni nani anacheza densi, hata yeye mwenyewe kwenye harusi ya binti yake alikaa tu kwenye kiti akihesabu masufuria.

Na mimi bando ninayo, nikakaa usiku nikasoma. Kuna roboti mdogo wa Unitree, kampuni ya China, anaitwa G1, walimtoa 2024 kwa dola 16,000, yaani zaidi ya milioni 50 za hapa kwetu, na hapo hujalipa meli wala ushuru. Uzito wake kilo 35. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50! Kwa hiyo mimi nabeba begani kitu kizito kuliko roboti mzima, na huyo mikono yake inabeba kilo mbili hivi, betri inakwenda masaa kama mawili halafu anataka kuchajiwa. Mimi nikikaa chini baada ya masaa mawili naitwa mvivu. Tena atachajiwa na stima gani, godauni hili Yaka, ile stima ya kulipia kabla, ikiisha bosi anatuambia tuwashe tochi za simu zetu, zetu si zake.

Halafu nikasoma Beijing, Aprili 2025, waliwapanga roboti 21 wakimbie nusu marathoni na watu. Nikasema hapa sasa ndio nitaogopa. Mmoja akaanguka pale pale mwanzoni hata jasho halijamtoka (najua hatoki jasho, niacheni). Waliofika mwisho ni 6 tu, na aliyeshinda alitumia masaa 2 na dakika 40, wakambadilishia betri mara tatu njiani. Kiplimo wetu, mkimbiaji wa Uganda, kijana wa Sebei, kilomita hizo hizo 21 alizimaliza Lisbon 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31. Nikamwambia bosi, akasema basi na wewe nenda ukakimbie.

Sisemi hawafanyi kazi kabisa. Kuna huyu Digit, yuko Marekani, jimbo la Georgia, kwenye godauni ya GXO, kampuni ya maghala, tangu 2024 wamemkodi rasmi, anatoa kreti hapa anaweka pale, anaweza mpaka kilo 16. Huyo simdharau, ni kuli mwenzangu. Ila yeye sakafu yake imenyooka, kreti zote saizi moja. Njoo huku, katoni moja imelowa, nyingine imepasuka chini, nyingine wameandika juu ni huku na hiyo juu iko chini, na ukiinama kuokota unakuta askari wa geti anakuuliza hicho kigae unakipeleka wapi.

Kilichoniuma ni kingine. Kuna roboti wa nyumbani anaitwa Neo, walimtangaza 2025, unamnunua dola 20,000 au unalipa dola 499 kila mwezi. Na kazi asiyoijua, mtu wa kampuni anavaa miwani huko aliko anamwongoza kwa mbali. Tena hata Tesla, 2021 walipotangaza roboti wao walimpandisha jukwaani mtu amevaa nguo za kubana za roboti akacheza, na 2024 roboti wakawa wanawamiminia wageni vinywaji kumbe nyuma kuna watu wanawaongoza. Kwa hiyo ndani ya roboti kuna kuli! Yuko tu kwenye kiti na feni. Hiyo kazi mimi naitaka hata leo, niletewe miwani hapa Namuwongo nioshe vyombo vya mama fulani wa California, shida ni mke wangu, ataniuliza mbona hapa hata kikombe hujawahi kukigusa.

Lakini tuhesabu hizo dola 499. Ni zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwezi. Sheria ya Uganda mshahara wa chini ni shilingi 6,000 kwa mwezi, iliwekwa 1984 na mpaka leo iko pale pale, 2019 Bunge likapitisha mswada mpya na rais hakuusaini. Elfu sita hiyo ni rolex mbili, zile chapati za mayai si saa, ya tatu ubembeleze. Ndio maana nasema huyo roboti akija sitamfukuza, nitamuuliza alipitia mlango gani mpaka akalipwa hivyo. Akianguka watu wanakimbia kumwinua wanamkagua kila kiungo. Mwenzetu katoni ilimwangukia mguuni, na swali la kwanza la bosi lilikuwa vigae vingapi vimevunjika.

Sasa bosi anasema si mchezo, kontena lijalo kuna roboti mmoja ndani, anapanda meli mpaka Mombasa, halafu Malaba, halafu hapa. Tukanyamaza wote. Kiongozi wetu, mzee wa Mbale anayetupangia bei, akauliza, "Ssebo bosi, akifika hapa atashuka mwenyewe?"

Bosi akasema hapana, atakuwa kwenye boksi, hana chaji.

"Kwa hiyo nani anamshusha?"

Hapo bosi akaanza kuangalia simu. Tukajitenga pembeni tukajadiliana, tukarudi na bei. Vigae vina bei yake, masinki bei yake, na mtu anayekuja kuchukua kazi yetu tena wa kioo kioo hivi, huyo bei yake ni ya kontena zima, nusu inalipwa mbele. Bosi akapiga kelele, wizi, kilo 35 tu! Mzee akamwambia basi mbebe wewe, si umesema ni mwepesi? Mpaka jana bosi alikuwa amepanda mpaka robo ya ile bei, na sisi bado hatujashuka.