Nguo Isiyofaa Hata Kuwa Dekio

Naomba kuuliza, na anayejua anijibu bila kunizungusha: siku hizi watu wanadekia nini? Kwangu nguo zimejaa mpaka mlango wa kabati umegoma kufunga, lakini dekio hakuna. Juzi nikachukua blauzi ya mama Zuhura, ile iliyofumuka kwapani hata haijazoea kamba ya kuanikia, nikaichovya kwenye ndoo, nikaipitisha sakafuni. Haikunyonya hata tone! Kazi yake ikawa kuyasukuma maji kutoka sebuleni kwenda chumbani, nayo yanarudi. Nikasoma kile kitambaa cha shingoni: poliesta asilimia 100. Yaani mafuta ya petroli yamegeuzwa nyuzi, plastiki ileile ya chupa za maji. Sasa nani alishawahi kudeki nyumba kwa chupa?

Enzi za bibi yangu khanga ilikuwa na maisha yake. Ilitoka kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile tulichojengewa na Wachina kikafunguliwa 1968, pamba tupu. Inaanza na heshima zake, harusini na misibani. Ikichuja inashushwa cheo, inakuwa ya jikoni. Ikichoka inabeba mtoto mgongoni, halafu inakatwa nepi, na ikistaafu ndipo inaajiriwa udekio. Hizi za sasa hazina hata cheo cha kushuka. Jumamosi imetoka Kariakoo, Jumapili imepigwa picha, Jumatatu naambiwa, "Hiyo wameshaniona nayo." Wamekuona kina nani, mama Zuhura? Mimi nalala na wewe chumba kimoja na sijaiona!

Na kuiondoa nyumbani ni kesi nyingine. Ukiichoma haiwi jivu, inayeyuka, inadondosha matone ya moto na moshi wa kukaba koo, mpaka jirani anachungulia ukutani kuuliza nani kachoma tairi. Ukiitupa, gari la taka likichelewa mvua inaiwahi, inaikokota mtaroni, mtaro unaikabidhi Mto Msimbazi. Jangwani pakifurika tunalaumu mawingu. Hata ukiitunza ukaifua, kila ukifua inaachia vinyuzi vya plastiki usivyoviona kwa macho, vinakwenda na povu hadi baharini, kwa samaki. Ndiyo maana changu wangu siku hizi namkagua kabla ya kumtafuna, ingawa sijui nakagua nini.

Msinijie na hoja ya pamba, kwamba ndiyo haina dhambi. Fulana moja ya pamba, kuanzia shambani hadi dukani, inakadiriwa kunywa lita 2,700 za maji. Nimepiga hesabu kwa ndoo zetu za lita 20: ndoo 135! Mtaani kwetu bomba likikauka watu wanakosana kwa ndoo moja, halafu mtu anapewa fulana ya kampeni, anaivaa siku ya mkutano, kesho yake anafungia tundu la banda la kuku. Kuku wangu wamekaa nyuma ya ndoo 135 na hata shukrani hawana.

Nikasema potelea mbali, nakwenda Karume kwenye mtumba. Mtumba wa zamani ulikuwa nguo, koti linarithiwa. Kijana wa pale akanicheka: "Mzee, belo siku hizi ni bahati nasibu." Kumbe wenzetu Ulaya nao wanavaa hizihizi za wiki moja, wakizichoka wanatutumia sisi. Yeye kanunua belo kwa pesa ya mkopo, kalikata kamba, nusu yake hata bure huchukui. Hasara yake, taka zetu.

Basi nimekuwa mkorofi dukani. Nguo naipindua ndani nje, navuta mshono, nainyanyua kwenye mwanga nione kama inanionyesha barabara. Mabinti wa dukani wananiita mkaguzi wa TBS, lile Shirika la Viwango, waniite tu. Na fundi wangu wa barazani nampelekea kila kitu: zipu, kola, pindo. Shati likichoka kola anaigeuza upande wa pili, naanza nalo upya. Mama Zuhura anasema namtia aibu. Aibu gani, na pesa ya zipu ni nauli ya daladala kwenda na kurudi?

Sasa kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji wametangaza sare. Rangi ya damu ya mzee. Mzee ndiye mimi na damu ndiyo hiyo wanayoinyonya! Send-off sare yake, kitchen party sare yake, harusi sare yake, zote kitambaa cha kung'aa kisichovaliwa tena hata kwenda dukani kununua chumvi. Nikasimama kikaoni nikapendekeza shati jeupe na suruali nyeusi, kila mtu anazo kwake. Mwenyekiti akashtuka: "Baba Zuhura, si tutaonekana wahudumu wa ukumbi?"

Nikamwambia ndivyo hasa ninavyotaka, maana wahudumu ndio wanaojua pilau la akiba limefichwa wapi.